Siku Alipozima Simu na Malori Yakaondoka

Sikusoma zaidi ya darasa la nne, lakini mwenye kiburi namtambua hata akinipa mgongo. Yule wa ofisini kwa mjukuu wangu nilimtambua siku ya kwanza.

Nilikuwa nimetoka Mhunze kwenda Isaka kumlelea mjukuu wangu mtoto. Kila siku saa sita mchana nilimbeba hadi kampuni ya malori anakofanya kazi mama yake, anyonye. Mjukuu wangu alikuwa anakaimu ukuu wa kitengo cha kompyuta, miezi mitatu ya kupimwa. Huyo bwana alikitaka kiti hicho. Akanipita kwenye benchi bila salamu, mimi na mvi zangu, akawaambia wenzake kwa sauti, "Siku hizi kompyuta zinaongozwa na wanaonyonyesha."

Nikayaweka maneno hayo kifuani. Mimi sisahau.

Silaha yake ilikuwa moja: paswedi zote zilikuwa kichwani mwake. Akiudhika anazima simu. Kompyuta ya vibali ikigoma siku hiyo, malori yanapanga foleni mpaka barabarani, meneja anatuma bodaboda kwenda kumbembeleza.

"Bibi, akizima tena kabla miezi haijaisha, kiti kimekwenda," mjukuu wangu aliniambia akilia.

"Futa makamasi. Shemeji yangu alikuwa na maksai wasiosikia sauti nyingine ila yake. Akaugua. Mvua ikanyesha, ikapita, plau limelala uani. Tulikula mihogo ya kuomba mwaka mzima! Ng'ombe wa nyumba wasikie sauti ya kila mtu wa nyumba."

"Hatakubali kutufundisha."

"Nani kasema umbembeleze? Msifu. Mwenye kiburi ukimsifu anavua hata shati."

Asubuhi mjukuu wangu akasema mbele ya meneja, "Kaka, hapa hakuna anayekufikia. Kila Ijumaa tufundishe. Hata mimi nitakaa chini niandike."

Bwana akavimba kama chura wa masika. Akafundisha wiki sita. Paswedi nazo meneja akazitaka kwenye bahasha, akazifungia kabatini kwake. Mjukuu wangu hakujifunza peke yake. Kila kazi aliwapa watu wawili wairudie, na aliyekosea hakumcheka.

Ndipo siku moja bwana akanyimwa ruhusa, akanuna, akazima simu, na kompyuta ya vibali ikagoma.

Nilifika saa sita na mtoto mgongoni. Malori yanatoka moja moja. Kwenye meza ya bwana amekaa binti mdogo kuliko wote pale ofisini, ameiamsha kompyuta kwa paswedi za kabatini, anatoa vibali. Nilicheka mpaka mtoto akaamka.

Saa tisa bwana akaja mwenyewe. Amechoka kusubiri bodaboda.

"Umepona, kaka?" mjukuu wangu akamuuliza.

"Sikuwa naumwa."

"Basi karibu kazini."

Miezi ilipoisha, kiti kikawa cha mjukuu wangu kabisa. Nikamwambia, sasa mfukuze.

"Hapana, bibi. Nikimfukuza, wote watarudi kuficha wanachokijua. Ataendelea kufundisha Ijumaa."

Sawa, hiyo ni akili ya kiongozi, na namwonea fahari. Lakini mimi hakuna aliyenipa uongozi. Ijumaa zote nilizobaki Isaka niliwahi ofisini, nikakaa mbele kabisa, nikamkazia bwana macho tangu neno la kwanza. Alikuwa akipotea katikati ya maelezo, anaanza upya, anapotea tena.