Guru Nayo Ni Sukari

Darasa la saba sikulimaliza, na bado nilikuwa na kampuni yangu ya usafi Landani, wenye digrii wakiniita bosi. Ndiyo maana mteja wangu wa Rayners Lane, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Nakuru, alipopatwa na shida hakumpigia simu msomi. Alinipigia mimi.

Mzee alikuwa amekodi kipande cha malisho nje kidogo ya mji, akafuga ng'ombe mmoja kwa ajili ya dini yake. Ng'ombe akazaa, akafa. Akabaki ndama jike, na mzee, aliyekwisha kufiwa na mkewe, akampenda kupita kiasi. Sasa ndama anaharisha kama bomba lililopasuka, macho yamezama, kusimama hawezi.

Nilipofika malishoni, nikampigia daktari wa mifugo. Alikuwa njiani, lakini akauliza kama ndama amepewa sukari. Tumbo la ndama mchanga, alisema, linaweza kuvunja sukari ya maziwa tu. Sukari ya chai inapita nzima nzima hadi utumbo mkubwa, inavuta maji, inachacha, halafu mnajua inatokea wapi.

"Mzee, umempa sukari?"

"Sukari? Hapana kabisa, bwana! Mimi wazimu?"

"Na huu ukahawia mdomoni?"

"Hiyo guru tu. Baraka. Kila chupa natia kipande."

"Sukari guru, mzee!"

"Guru ni guru. Sukari ni sukari."

"Nakuru dukani mlikuwa mnaiuza kwa jina gani?"

Mzee akaitazama chupa ya maziwa, akaimwaga nyasini. Kwa lugha ya mama yake jina la kitu hicho halina neno sukari ndani. Kwa Kiswahili linatangulia mbele, hata mlevi analisikia.

Daktari akaja na maji ya chumvi na glukosi, sukari iliyokwisha kuvunjwa, isiyohitaji kazi ya tumbo. Mzee akamnywesha mwenyewe, kichwa cha ndama mapajani, akimwita binti yangu, binti yangu. Baadaye maziwa, matupu.

Niliporudi baada ya siku mbili, ndama alisimama, akageuka, akaninyea viatu vya ngozi vya bei mbaya. Kitu kizito, rangi ya haradali. Mzee akapiga makofi huku machozi yanamtoka.

"Imeshika, bwana! Tazama, imeshika!"

Nikatazama. Kusema kweli, yalikuwa mavi mazuri sana.