Anwani za Ngazi Tano

Chuoni kwetu kuna mtu mmoja tu anayelipwa kwa kuhesabu mikwaju. Nazungumzia ule mstari wa kuinama unaotenganisha maneno kwenye anwani ya tovuti. Yeye mwenyewe tumemzoea kwa jina hilohilo, Mikwaju. Meza yake na yangu ya usajili zimetenganishwa na kabati la mafaili, na kwa miaka tisa nimemsikia akihesabu kwa sauti, ncha ya kalamu ikigonga kioo cha kompyuta: mmoja, miwili, mitatu. Alikuwa fundi redio, kompyuta akajifunza ukubwani kwa kitabu kisicho na jalada. Ni mbishi hana mfano, na chai yake hupoa kila siku mezani.

Mwaka huu mkuu wa chuo alitaka tovuti mpya, nyepesi. Ya zamani ilikuwa na kurasa ndani ya kurasa.

"Dada, anwani ni kama nyumba ya mtu," Mikwaju aliniambia. "Kila mkwaju ni ngazi. Ngazi moja au mbili, uko sebuleni. Ukifika ngazi ya nne, ya tano, uko stoo. Humo kuna matangazo ya mwaka juzi na picha za mahafali tu."

Akaandika kanuni kwenye seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, mstari mmoja: anwani yoyote yenye ngazi nne au zaidi irudishwe ukurasa wa mbele. Akaiandika kuwa ni uhamisho wa kudumu. Asije mtu akasema alikurupuka, kwanza alipekua kumbukumbu za seva za mwezi mzima, akakuta hakuna aliyefungua hizo kurasa za ndani. Kweli hakuna. Mwezi wenyewe ulikuwa wa likizo, viwanda vimefungwa, nani angeajiri mtu? Angeniuliza mimi ningemwambia. Hakuniuliza, na mimi nina kazi zangu.

Maana chini ya kila cheti tunachotoa, kwa herufi ndogo, kuna anwani ya ukurasa wa mhitimu: wahitimu, mwaka, idara, kozi, namba ya cheti. Mwajiri akitaka kuhakiki, anaiandika kwenye kompyuta, anaona jina na picha. Hesabu mwenyewe ngazi hizo.

Siku ya kumi na moja aliingia Mama Pacha, fundi wa kuchomelea vyuma, tuliyempa cheti miaka sita iliyopita. Alikiweka kwenye kaunta yangu.

"Dada, nyie mmenifanya nini?"

Kiwanda cha matangi ya maji kilikuwa kimempa kazi. Karani wa ajira akaandika anwani ya cheti, ukatoka ukurasa wetu wa mbele, wenye picha ya wanafunzi wanacheka. Akaandika tena, wanacheka vilevile. Akasema cheti ni cha kughushi. Msimamizi akampa Mama Pacha mpaka saa nane mchana, baada ya hapo nafasi inakwenda kwa mwingine. Saa ilikuwa tano na nusu.

Mikwaju alikuja na kalamu yake, akahesabu juu ya cheti. Mmoja, miwili. Alipofika wa tano akaishusha kalamu. Nilimsubiri abishe, hakubisha.

"Ni mimi huyu, mama," alisema. "Kosa ni langu."

Akarudi kwenye kompyuta. Seva husoma kanuni kutoka juu kwenda chini, ikikuta inayofaa inaishia hapo. Basi juu kabisa akaongeza nyingine: anwani inayoanza na wahitimu ipite, hata iwe na ngazi ngapi. Tukajaribu kwenye simu yangu, na Mama Pacha huyo akatokea na picha yake. Mikwaju akapiga simu kiwandani mbiombio.

"Bado nawaona wanafunzi wanacheka," karani alisema.

Mikwaju akajishika kichwa. Ule uhamisho aliuita wa kudumu, na kompyuta ya kule ilimwamini. Ilishaweka njia akilini mwake, haiji tena kuiuliza seva. Angeandika wa muda, ingeuliza kila mara. Kwa hasira nilizokuwa nazo ningemzaba kibao, lakini nikafunga dirisha la usajili, nikabeba daftari kubwa la wahitimu kwapani, tukaondoka watatu.

Tulifika saa saba na nusu. Mlinzi wa geti alitupotezea dakika kumi kwa maswali. Ndani, Mikwaju akamwomba karani aiache kompyuta, aiandike anwani kwenye simu yake mwenyewe, ambayo haijawahi kuifungua. Ukurasa ukatokea. Msimamizi akaitazama picha, akamtazama mwenye sura, akasema, "Kesho saa moja. Uje na viatu vya ngozi." Mama Pacha hakutushukuru. Aliketi juu ya pipa akalia, na mimi sikumlaumu hata kidogo.

Tuliporudi ofisini, Mikwaju alifungua kumbukumbu za seva za siku zile kumi na moja. Anwani za wahitimu thelathini na moja zilikuwa zimerudishwa ukurasa wa mbele, kila moja na namba ya cheti mwishoni. Yeye alinitajia namba, mimi nikatafuta jina na simu kwenye daftari, tukaanza kupiga. Wawili hawakupokea. Wa tatu alitutukana, na ilikuwa haki yake.

Wa nne alikuwa fundi bomba. Alimsikiliza Mikwaju mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kwa hiyo cheti changu ni cha kweli?"

"Ni cha kweli, kaka."

"Basi naomba umwambie mke wangu," alisema, na tukasikia simu inapewa mtu mwingine.

"Shikamoo, shemeji," Mikwaju alisema, akaanza kueleza upya tangu mwanzo.