Sauti ya mama imo kwenye filamu ya kaka, na mama hajui filamu inahusu nini

Ndugu msimamizi wa jukwaa hili, jina langu naomba ulifiche kabisa, maana hapa Masqat, Omani, sisi tuliotoka Unguja tunajuana hata kwa kikohozi. Nna miaka ishirini na nne, nimeolewa, nna mtoto wa kike ndiyo kwanza anasimama dede. Skuli niliacha mapema, mnisamehe nikiandika ovyo. Tunakaa mtaa wa Matrah na mama yangu mzazi, mume wangu karidhia kwa kuwa mama ni mjane na miguu inamsumbua.

Nna kaka mmoja tu. Alikwenda Ulaya kusoma miaka ya tisini, mimi bado mtoto wa miaka kumi, na hakurudi tena kuishi. Mama hajui kuandika na simu zilikuwa ghali, basi tukimpelekea kanda. Mama anakaa kwenye mkeka, mimi nabonyeza redio, anazungumza mpaka upande umalizike: nani kaolewa, nani kafa, mbuzi wa jirani kala nguo ya nani. Mwisho hakosi kusema, "Mwanangu, rudi nikuoze nitulie." Kanda tunampa mtu anayesafiri. Nyumba nyingi za kwetu zikifanya hivyo.

Kumbe kaka kaziweka zote. Sasa katengeneza filamu, yeye na wenzake, kwa kuchangachanga, hakuna kampuni nyuma yao. Alinipigia baada ya alasiri, mama yuko uani. Akanambia filamu ni ya vijana wawili wa kiume wanaoishi chumba kimoja kwenye mji wa baridi, mmoja wao anasikiliza kanda za mama yake. Na wanapendana.

"Wanapendana vipi, kaka?"

"Kama wewe na mumeo, mdogo wangu."

Nikachungulia uani nisije nikasikiwa na mama. Akasema, "Na si hadithi ya kutunga."

Wallahi nililia, mwanangu ananishika uso hajui nna nini. Nikamkumbuka yule rafiki yake anayepokea simu kila tukipiga, na adabu zake, na salamu zake za Kiswahili cha kujifunza.

Kaka akaendelea. Filamu anaizungusha mwenyewe, kaitia begini, tamasha hili na lile, kumbi ndogo, viti vyengine vitupu. Ikimalizika anasimama mbele watu wamuulize, na kila pahala wanauliza habari za yule mama. "Wanamlilia, hata wasiojua neno la Kiswahili." Sasa tamasha kubwa limemwita, lakini wanataka mwenye sauti aseme kwa mdomo wake kuwa karidhia. Asiposema, haionyeshwi. Na akiitoa sauti ya mama, anasema, hana filamu.

"Muulize wewe," akanambia. "Mimi naogopa. Nimeogopa umri wangu wote."

Basi nikamwambia mama nusu: kaka katengeneza filamu, sauti yako imo, wanataka ridhaa yako. Furaha aliyofurahi! Halafu akashtuka. "Ipi hiyo? Ile niliyokuwa na mafua? Astaghfirullah! Mtu mzima nakohoa mbele ya Wazungu! Mwambie aitoe, nimrekodie nyengine."

Nikamtuliza kuwa wanachotaka ni neno la ridhaa tu. Akavaa kanga mpya, akajifukiza udi. "Mama, hawakuoni," nikamwambia huku nacheka. "Wewe bonyeza," akasema.

Alizungumza hivi, nimeisikiliza mpaka nimeihifadhi: "Assalaam alaykum nyote mnaotazama filamu ya mwanangu. Mimi ndiye mama yake, na nimeridhia kwa moyo mmoja. Mtoto huyu hajanivunjia heshima hata siku moja. Nyinyi mko naye karibu kuliko mimi, basi nakuombeni mnitazamie, akiumwa mumpikie uji. Na yule mwenzake anayepokea simu nampa salamu, Mungu amlipe kheri."

Akaniashiria nizime. Ndipo akauliza, "Hebu, hiyo filamu yenyewe inahusu nini?"

Nikasema, "Inahusu mtu aliye mbali na mama yake."

"Basi nitaifahamu," akasema, akaenda kusali.

Kanda iko kabatini, chini ya nguo za mtoto. Yupo mtu anaondoka karibuni, mkono umekuwa mzito kumpa. Nikiipeleka, nimepeleka ridhaa ya mtu asiyejua alichoridhia. Watu wetu wako tele Ulaya, ipo siku mmoja wao ataingia ukumbini, na mama ataambiwa na mdomo wa mtu baki. Nikimwambia mimi, pengine atarudisha kila alilosema, hata ile dua. Au pengine anajua? Kwa nini kamsalimia yule kijana? Usiku na mchana najitia matumaini na hilo neno moja.

Mume wangu anasema ninyamaze, moyo wa mama si wa kuchezewa. Kaka akipiga hanihimizi, anauliza tu, "Mama hajambo?" kisha anangoja.

Jana mama kaniuliza kama kanda imeshafika, na kama watu wamemcheka alivyozungumza. Nikajifanya namfunga mtoto nepi.

Wenzangu, kaka yangu msinitukanie, ya kutukanwa najua nitayasikia bila ya kuyaomba. Nyinyi mlio mama za watu, nambieni: ingekuwa sauti yenu, mngetaka kuambiwa? Nimwambie mama, au niipeleke kanda hivi hivi ilivyo? Nishaurini, kwani naona atauliza tena leo.