Gari la Kubebea Paa la Zamani

Sifa zote ni zake Mungu, anayetupa siku kabla hatujaiomba. Nimezeeka nikiwa bado na macho ya kuandika, na hata majirani niliowapoteza, kwanza yeye ndiye aliyenipa.

Tulikaa Kapata, katika nyumba za kampuni ya migodi zilizopangwa mistari. Zamani paa likipasuka ulitoa taarifa tu: mafundi walikuja, na gari la takataka lilikuja nyuma yao. Halafu kampuni ikaanguka. Mishahara ilikoma, magari yakalala kwa kukosa vipuri. Ndipo wenzetu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipoanza kufukuzwa. Watu tuliozaliwa nao hapa, tuliokaa nao benchi moja kanisani, waliambiwa warudi kwao. Waliitwa wadudu. Walijazana stesheni wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itafika lini.

Katikati ya mambo hayo mvua ya mawe ilipiga nyumba yetu. Paa lilikuwa la vigae vikubwa vya saruji, na karibu vyote vilivunjika. Nilikuwa nimeweka akiba ya mabati kidogo kidogo, na ndugu wa kanisa, ambako nilikuwa katekista, mwalimu wa dini, wakaja kunisaidia kuezeka. Vigae vya zamani tuliviteremsha vikawa lundo mbele ya mlango. Siku hizo hatukujua kwamba vumbi lake linadhuru kifua. Tulilipangusa usoni tukaendelea na kazi. Tulichojua ni kwamba vina makali na watoto wanatembea pekupeku. Ilibidi viende kutupwa kwenye shimo la zamani la kuchimbia mawe, ng'ambo ya stesheni.

Sasa, viende kwa gari gani? Mkokoteni wa sokoni ungevunjika magurudumu kabla ya kutoka Kapata. Kulikuwa na bene ya kukodi, lile lori linaloinua mgongo na kumwaga mzigo peke yake. Na kulikuwa na remorke, tela la mkulima mmoja wa upande wa Lubudi aliyeleta mahindi kwa trekta yake. Remorke ilikuwa fupi, na ubavu wake mmoja ulifunguka kama mlango, lakini mzigo wake hushushwa kwa mikono, kipande kwa kipande. Mimi nilichagua bene. Nani apende kubeba paa mara mbili?

Jioni ile jirani yetu akaja, mama aliyeshona nguo za kwaya yetu. Yeye, mume wake na watoto walikuwa wanaondoka kesho yake kwa miguu. Pale njia panda vijana walikuwa wamefunga barabara, wakimnyang'anya kila Mkasai aliyepita: redio, godoro, sufuria.

"Tata," akaniambia, "banatutuma Kasai, na mi sijaiona hata siku moja. Batoto bote bananiangalia mi. Mashine yangu ikibaki pale njia panda, kule nitashona na meno?"

Mke wangu alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha akaligeukia lile lundo la vigae.

"Nani atainamisha mugongo kutafuta kitu chini ya bigae bile?" akasema.

Nikamwelewa. Nikasema basi tutaificha mashine ndani ya bene, chini ya vigae.

"Bene!" akanishangaa. "Bene inamwaga, tata. Unataka kumumwagia mama mashine yake na paa yote juu?"

Kweli, sikuwa nimefikiri. Nikaenda kwa mkulima, nikamweleza yote wazi, kwa kuwa trekta ilikuwa yake na hatari ingekuwa yake pia. Alijikuna kichwa muda mrefu.

"Mi ninabeba paa," akasema mwishoni. "Kilicho chini ya paa mutasikilizana na Mungu wenu."

Mume wa yule mama ndiye aliyepakia. Ilikuwa mashine ndogo, ya kuzungusha kwa mkono. Aliifunga ndani ya blanketi, akaiweka karibu na ule ubavu unaofunguka, akaegemeza vigae vizima juu yake kama kibanda ili uzito usiiguse. Vilivyovunjika tukarundika juu. Asubuhi wao walitangulia kwa miguu, mikono mitupu. Mimi na mke wangu tukafuata na trekta, mkulima akiendesha.

Nilikuwa nimemwambia mke wangu kwamba sitasema uongo. "Basi unyamaze," akanijibu. Lakini njia panda si mahali pa kunyamaza.

"Tata Katekista! Munabeba nini?" vijana wakapaza sauti.

"Paa ya nyumba yangu."

"Unatupa paa, na sisi tunalala na mvua!" Wakacheka. Mmoja akapanda juu, akaanza kugeuza vipande. Mkulima alikaza macho mbele, nikaona shingo yake imelowa jasho.

"Na chini?" kijana akauliza. "Umelaza Bakasai chini?"

"Hapana, hakuna mutu," nikamjibu. "Chini kuna mashine ya kushona ya jirani yangu."

Mke wangu akafumba macho. Kisha kijana akapasuka kicheko, na wenzake wote pamoja naye.

"Mashine ya kushona, chini ya majiwe! Huyu tata! Na chini ya mashine kuna nini, treni?"

Wakatuchukulia vigae vinne, vya kufunikia kibanda chao. Mke wangu akasimama kuwasaidia kuvishusha, akawaambia, "Polepole, inakata mikono." Ukingo wa kigae ukamchania kitenge chake kutoka kiunoni hadi chini. Wakafungua njia.

Stesheni tulimkuta yule mama amesimama kwenye umati, hakukaa, akiangalia barabara tu. Mkulima akafungua ubavu wa remorke, na tukatoa vigae kimoja kimoja, taratibu. Mume wa yule mama akaingiza mikono akavuta blanketi. Mama akapiga magoti, akaifungua, akazungusha mpini. Sindano ikashuka, ikapanda.

Kisha akamwangalia mke wangu tangu miguuni hadi kiunoni.

"Ba mama, utarudi Kapata na kitenge hii? Leta."

Akakishona palepale chini, katikati ya mabunda na watoto waliolala, akizungusha kwa mkono mmoja na kushika kitambaa kwa mwingine. Wanawake waliokuwa karibu wakaanza kuleta nguo zao zilizochanika njiani. Tulipoondoka kwenda kutupa vigae alikuwa bado anashona, na foleni imeshakuwa ndefu.

Wewe unayesoma haya, Mungu akulinde katika kila safari ambayo hukuichagua. Akutangulizie mtu wa kukubebea kile utakachokula nacho huko uendako, na akufikishe ukiwa mzima, wewe na wote wanaokutegemea. Amina.