Kitambuzi Juu ya Jiko

Shemeji yangu, mume wa dada, amefunga ving'ora vya moshi maofisini miaka kumi na miwili. Vyote viko darini, maana moshi hupanda. Hujigamba kwamba kazi yake hairudiwi, ndiyo maana tunamwita Mara Moja. Kama ni sifa au kejeli, inategemea dada ameamkaje.

Basi alipoitwa gatini kufunga kitambuzi cha gesi ndani ya mashua ya matanga, alikwenda kifua mbele. Mwenye mashua, nesi mstaafu, anaishi humo peke yake, na kitanda chake kiko hatua mbili kutoka jikoni. Alimweleza kwamba tangu augue hasikii harufu yoyote, hata maziwa yakiungua, kwa hiyo kifaa hicho ndicho kingekuwa pua yake. Mara Moja akaitikia, akakibandika darini juu ya jiko, akakipulizia gesi kidogo ya kujaribia, kikalia. Mama wa watu akafurahi. Karatasi ya maelekezo shemeji aliifutia mikono.

Siku ya tisa nilikuwa kwao, nimedoea chakula cha mchana kama kawaida yangu. Dada alikuwa ndiyo kwanza amebadilisha mtungi wa gesi. Alipokuwa amesimama hakusikia kitu. Alipoinama kupiga deki akasema gesi inavuja, huku chini ndiko inakonuka. Akafunga mtungi, akafungua madirisha, akaendelea na deki. Shemeji aliuliza mara mbili kama kweli juu hakunuki, kisha akasukuma sahani.

Nilimpeleka gatini kwa pikipiki yangu. Njiani akatunga uongo: angesema ni ukaguzi wa kawaida, akishushe kifaa, aondoke na jina lake zima. Nikamwambia ni wazo zuri. Sijivunii neno hilo.

Nesi alitukaribisha kwa furaha, akasema atawasimulia majirani habari za fundi anayerudi bila kuitwa. Shemeji alijibu kwa kuguna. Kule juu taa ya kijani ilikuwa inawaka, shwari kabisa. Alilegeza skrubu, akakishusha kifaa pamoja na waya wake. Kabla hakijagusa sakafu kikaanza kulia.

Alifunga mtungi, tukamtoa mama nje, tukaacha milango wazi. Pale gatini akamshika shemeji mkono, akamwambia Mungu ndiye aliyemleta. Shemeji angeweza kunyamaza tu. Nilitamani anyamaze, na hilo pia linanisuta.

"Usinishukuru, mama," alisema. "Gesi ya mtungi hushuka, mimi nikakiweka juu. Sikusoma maelekezo. Na leo nimekuja kuficha kosa langu, sikuja kukagua."

Mama aliuachia mkono wake. Aliigeukia mashua yake.

"Kila nikitaka kuwasha jiko nakitazama kwanza hicho kifaa chako," alisema. "Leo pia nilikitazama, nikaona kijani. Mlipobisha hodi nilikuwa nimeshika kiberiti."

Shemeji aliketi chini hapo hapo kwenye mbao za gati. Mimi niliyemsifia uongo wake nikabaki nimesimama, sina pa kuweka macho.