Kitinda Mimba na Aksoloti wa Navjot

Dorothy wa Walukuba, mjini Jinja, amevuka arobaini, na kwao bado ni mtoto. Ndiye kitinda mimba, basi. Kila kikao cha familia kaka yake Wangila hukifungua kwa maneno yaleyale: "Dorothy, tupikie chai, sisi wakubwa tuzungumze." Chai ikiiva, mambo yameshaamuliwa.

Safari hii kikao kilikuwa kwa Wangila, Nkoma, kule Mbale, na jambo lenyewe lilikuwa Mama. Tangu afiwe na mumewe, Mama anakaa na Dorothy. "Mama hawezi kuendelea kulelewa na mtoto," Wangila alisema kwenye simu. "Atahamia kwangu." Dorothy aliogopa kweli. Nyumba bila Mama angeifanyia nini?

Na mambo yakija huja kwa mafungu. Navjot, bosi anayemfanyia kazi za nyumbani Jinja, alikuwa amesafiri na kumwachia aksoloti wawili. Ni salamanda wa majini, wenye vijiguu vinne, mkia, na matamvua yaliyochomoza shingoni kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Joto hawaliwezi. Angewaacha na nani? Akawatia kwenye ndoo pamoja na majani ya maji na chupa ya barafu, akamshika Mama mkono, wakaondoka.

Kule Nkoma, Wangila akachungulia ndooni. "Hivi viluwiluwi vitakua lini?"

"Wameshakua, kaka. Hubaki na sura ya utotoni mpaka uzeeni."

"Mtu mzima gani huyo? Haya, tupikie chai."

Dorothy alikuwa ameshainuka Mama alipomwita aje aone. Majani yalikuwa yamejaa mayai, na jike alikuwa bado anayabandika, mojamoja, bila haya mbele za watu. Familia nzima ikainama juu ya ndoo.

"Kitoto kimezaa," Wangila akasema polepole. Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

Dorothy akarudi, akaketi. Aliketi kwenye kiti, katikati ya wakubwa. "Mama anabaki na mimi," akasema. "Na chai, kaka, jiko lako unalijua."

Wangila alitaka kukasirika, asijue aanzie wapi. Akamgeukia Mama. "Mama, umemsikia huyu mtoto?"

Mama alikuwa ameshainama anavaa viatu. "Nimemsikia," akasema. "Mkubwa wangu ameshasema."