Module ya mbuzi ilivyonikosanisha na mama mkwe mtarajiwa

Wakuu, salamu kutoka Voi. Hapa sitatia chumvi, kwa sababu mchumba wangu Wakesho yuko humu na anasoma kila kitu.

Mimi ni developer, naandika programu za kompyuta. Mwaka jana daktari wa mifugo kule Rukanga aliniomba mfumo wa kuwakumbusha wafugaji kwa SMS. Nikaandika module moja safi, yaani kipande cha programu. Unaipa jina la mwenye mbuzi, jina la mbuzi na siku ya dawa, inatoa ujumbe.

(Ndiyo, mbuzi wa huko wana majina. Mmoja anaitwa Chairlady.)

Ilifanya kazi mpaka nikavimba kichwa. Kila mtu nikamwambia module yangu ni reusable, inaingia popote.

Sasa, dada yake Wakesho alikuwa anaolewa Wundanyi. Mama yao ndiye aliongoza kamati ya harusi, akaniomba nialike watu. Nami nilikuwa nataka ruhusa yake nilete wazee wetu kujitambulisha. Nikaona hapa ndipo pa kung'ara.

Nikachukua module ileile. Penye mwenye mbuzi nikaweka mume. Penye mbuzi nikaweka mke, na penye siku ya dawa, siku ya harusi. Nikatuma kwa waalikwa wote bila kujaribu hata na namba yangu.

Nilisahau kwamba maneno yenyewe ya ujumbe wa mbuzi niliyafungia ndani ya code.

Baba Wakesho alipokea hivi: "Ndugu Mwadime, mlete Mama Wakesho Jumamosi asubuhi akiwa amefungwa kamba. Asile kitu. Atanyweshwa dawa ya minyoo."

Simu zilipigwa, wakuu. Mzee mmoja wa Mraru aliuliza kwa upole kama mkewe anaweza kuja bila kamba, ana shida ya mgongo. Niliona aibu mpaka nikazima simu.

Kesho yake nikapanda Wundanyi kuomba msamaha. Mama akanipa chai.

"Kamba nimesamehe," akasema. "Lakini ni nani alikwambia niko na minyoo?"

Nilimweleza input na output, kinachoingia na kinachotoka, mpaka chai ikapoa. Nikamwonyesha nimeitengeneza upya: maneno anaandika anayetuma, na ujumbe unauona kabla haujaenda. Alisoma ule wa harusi mara tatu ndipo akakubali uende.

Nikauliza kuhusu wazee wetu.

"Wacha waje," akasema. "Lakini hao utawaalika kwa mdomo."

Somo nililopata: kitu chochote kinachoweza kubadilika, kitoe nje ya module, na ujumbe wa kwanza jitumie wewe mwenyewe.

Kama kuna mwenye aliaibika kwa wakwe kunishinda, aandike hapa chini nipate kupumua.